Boa wa Kamanyola si mpole, anasikia baridi

Kama ulipita sokoni Kamanyola mwanzoni mwa kiangazi, huenda ulimwona kijana mmoja amesimama karibu na mahali magari ya Uvira yanapopakia, shati wazi, nyoka mkubwa amemzunguka shingoni. Watoto walijaa, mama wauza samaki walipiga kelele, wanaume walitoa simu. Picha moja ilikuwa faranga 500. Kumshika, faranga 1,000. "Mumukaribie, ni mupole, hana shida," alikuwa anaita, na kweli nyoka hakutikisika. Nami nilifika na kinasa sauti changu, nikifikiri nitapata dakika mbili za kuwachekesha wasikilizaji mwishoni mwa habari za jioni.

Nilizipata. Watu walicheka. Leo naandika kwa sababu nadhani nilifanya kosa, na kosa lenyewe ni neno moja tu ambalo nililirudia hewani bila kulichunguza: mpole.

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Nyoka huyu huku kwetu tunamwita boa, kwa sababu ndivyo Kifaransa cha shule kilivyotufundisha. Wasemaji wa Lingala wanasema nguma. Kiswahili cha vitabu kinamwita chatu, na ndilo jina sahihi, maana boa wale wakubwa wanaojulikana duniani ni wa Amerika. Lakini ukisema chatu sokoni Kamanyola nusu ya watu watakuuliza chatu ni nini. Kwa hiyo nitasema boa, wataalamu wanisamehe.

Kijana alimpata mashambani, upande wa mpunga, akiwa na urefu wa mita mbili hivi. Alimtengenezea sanduku la mbao lenye wavu wa chuma juu. Baada ya siku chache akaona kwamba Kamanyola watu wote wameshapiga picha, na wengine walianza kuzipiga kwa siri bila kulipa. Akaamua kupanda Bukavu, kwenye watu wengi na simu nyingi. Alipitia Ngomo, sanduku likiwa limefungwa juu ya mizigo ya gari. Anayeijua barabara ile ya Ngomo anajua ubaridi unaokupokea kule juu, hasa ukitoka huku chini asubuhi na jasho lako. Alipanga chumba kidogo upande wa Panzi, sanduku akaliweka chini ya kitanda, juu ya sementi.

Wiki ya tatu akanipigia. "Mukubwa, boa yangu iko nafungula kinywa na haitake kula."

Nilimuuliza anafungua kinywa namna gani. Akasema anainua kichwa juu kama mtu anayetafuta hewa, anatoa mlio kama filimbi, na puani kuna mapovu. Panya aliyekula wiki iliyotangulia alimtapika akiwa ameoza. Jirani mmoja alikuwa amemshauri amnyweshe kasiksi kidogo ili apate moto mwilini. Namshukuru Mungu hakufanya hivyo, ingawa sina hakika kama ni kwa busara au kwa sababu kasiksi ina bei. Mwingine alikuwa amemwambia nyoka anapenda maji, basi kila jioni alimwaga maji ndani ya sanduku na kulifunika kwa blanketi lililolowa.

Nilimtafuta daktari wa mifugo ninayemfahamu. Naye, mtu mkweli, akasema maisha yake yote ametibu ng'ombe, mbuzi na kuku, nyoka hajawahi kutibu hata mmoja. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa: "Chumba kina joto la ngapi?" Kijana hakujua. Mimi sikujua. Na hapo ndipo jambo zima lilipo.

Sisi wanadamu tuna moto wetu ndani. Ukilala Bukavu usiku wa Julai, hewa ikashuka hadi karibu nyuzi 15, mwili wako utabaki na nyuzi 37 zake mpaka asubuhi, mradi umekula na una blanketi. Boa hana moto huo. Mwili wake unakuwa na joto la mahali alipo. Blanketi halimsaidii kitu, kwa sababu blanketi halitengenezi joto, linazuia tu lile lililopo lisitoke, na yeye hana la kuzuia. Ukimfunika akiwa baridi, umefunika baridi.

Na joto kwake si starehe. Ndilo linalofanya tumbo lisage chakula. Boa humeza panya mzima na manyoya yake. Kama mwili ni baridi, maji ya tumboni hayafanyi kazi, panya anaoza humo humo, na nyoka hana budi kumtapika. Joto ndilo pia linaloamsha ulinzi wa mwili dhidi ya magonjwa. Boa mwenye baridi siku nyingi, tena ndani ya unyevu, anaugua mapafu. Mapovu, mlio wa filimbi na kichwa kilichoinuliwa ndizo dalili zenyewe. Kijana aliyaeleza yote kwa simu bila kujua anaeleza ugonjwa wenye jina.

Sasa lirudie neno lile, mpole. Boa mwenye joto lake kamili anakwepa watu, anajikunja, anapuliza kwa sauti, na akibanwa anauma. Kinywa chake hakina sumu, lakini kina meno mengi yaliyoelekea nyuma, kama ndoana. Boa anayekaa shingoni mwa mtu katikati ya soko, watoto wanamvuta mkia naye hafanyi lolote, mara nyingi ni mmoja kati ya wawili: amechoka na kuogopa hadi ameganda, au ana baridi. Asubuhi ile pale sokoni, kijana alinieleza baadaye, alikuwa amemtoa kwenye sanduku lililolala nje usiku kucha. "Asubuhi ni mupole sana," aliniambia kwa fahari. "Saa sita anakuwa mukali, ninamurudisha ndani." Alikuwa ameliona jambo kwa macho yake, akalisoma kinyume. Nami nilikuwa na kinasa sauti mkononi na sikumuuliza kwa nini.

Watu wa Kamanyola wataniambia: lakini huku kwetu kuna joto. Ni kweli, na ndiyo sababu boa wanaishi huku. Kamanyola iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Bukavu iko karibu 1,500. Sisi tunaoshuka na kupanda kila wiki tunaona ni tofauti ya kubadilisha shati. Kwa boa ni tofauti kubwa sana, kwa sababu porini haishi katika "joto la Kamanyola". Anachagua. Asubuhi analala juu ya jiwe au udongo mtupu mpaka apate moto, mchana anaingia kwenye shimo la mnyama au ndani ya kichuguu, jua likizidi anajitumbukiza majini mwa Ruzizi akabakiza pua. Usiku anabaki kwenye ardhi iliyotunza joto la mchana. Siku nzima anahama hatua chache huku na huku akitafuta nyuzi anazozitaka. Mtafiti Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alitangaza mwaka 2018 mambo aliyoyaona kwa boa wa kule kwao, ndugu wa karibu wa hawa wetu: mama mwenye mayai hutoka shimoni kuota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha anarudi ndani kuyazungushia mayai mwili wake uwape joto. Hata mama anakwenda kuchota joto nje, kama sisi tunavyochota maji.

Ukimweka mnyama wa namna hiyo ndani ya sanduku la mita moja, umemnyang'anya hatua zake. Kwa hiyo sanduku lenyewe lazima liwe na pande mbili. Upande mmoja wa moto, nyuzi 31 hadi 33. Upande wa pili wa kupumzika, nyuzi 25 hadi 27. Kila upande na mahali pa kujificha, maana ukiweka maficho upande mmoja tu, nyoka atachagua kujificha hata kama anakufa kwa baridi. Usiku joto lisishuke sana, nyuzi 23 au 24 ndiyo mwisho. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 50 na 60, uongezeke kidogo siku za kubadilisha ngozi. Na vipimo viwe ndani ya sanduku, kila upande chake, si ukutani mwa chumba, wala si mkono wako. Mkono wa mtu una moto wake, hauwezi kuwa kipimo.

Joto lenyewe litoke wapi? Wenye uwezo hutumia taa maalumu au mkeka wa umeme, pamoja na termostati inayozima joto likifika kiwango. Sisi tunajua umeme wetu. Tunaishi karibu na mabwawa ya Ruzizi, na bado ampuli inazimika saa mbili usiku na kurudi inapotaka. Mtu anayetaka kufuga boa Bukavu bila bateri na plaki ya jua, kwa maoni yangu, bora aache siku ile ile. Lakini kama umeme umekatika na mnyama yuko tayari ndani ya nyumba, kuna la kufanya. Sanduku litoke kwenye sementi, liwekwe juu ya mbao. Pande zake zivikwe frigoliti kwa nje, ile nyeupe inayokuja na televisheni. Chupa au bido ndogo ya maji ya moto ifungwe vizuri, izungushiwe kitambaa kinene, iwekwe upande mmoja, ibadilishwe kila inapopoa. Ni kazi ya usiku kucha. Mama aliyewahi kulea mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi anaijua kazi hiyo.

Mbabula usiingize ndani. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kijana alifanya hivyo usiku mmoja, mlango umefungwa, naye amelala kitandani juu ya sanduku. Moshi wa makala usioonekana wala kunuka unaua mtu akiwa usingizini. Aliamka kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu, akafungua mlango. Aliniambia akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Huku Kamanyola hatari imegeuka upande wa pili. Nyumba ya mabati saa saba mchana mwezi wa Septemba ni jiko. Sanduku lililofungwa, likapigwa na jua, linapita nyuzi 40 haraka, na boa asiye na njia ya kukimbia anakufa kwa saa chache. Baridi inaua kwa wiki, joto linaua kabla hujamaliza chakula cha mchana. Hata kumwacha ndani ya gari lililofungwa wakati wewe unakula mahali fulani Luvungi ni kumuua.

Unyevu nao unaeleweka vibaya. Kiangazi cha bonde letu hewa inakauka, vumbi tupu. Boa akibadilisha ngozi wakati huo, ngozi haitoki nzima kama soksi, inatoka vipande vipande, na ile ya juu ya macho inabaki. Nimeona mtu akiibandua kwa kucha. Usifanye hivyo, unaweza kuharibu jicho lenyewe. Chombo cha maji ya uvuguvugu anachoweza kuingia mzima kinatosha, pamoja na kona moja yenye nyasi au kitambaa chenye unyevu anachoweza kukisugua. Lakini unyevu si tope. Sakafu ya sanduku ikilowa siku zote, magamba ya tumbo yanapata malengelenge na kuoza. Na unyevu pamoja na baridi ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote, yaani kile hasa alichokitengeneza rafiki yetu wa Panzi kwa maji yake ya kila jioni. Alikuwa ameona video kwenye simu inayosema nyoka anahitaji unyevu. Video ilisema kweli. Ilitengenezwa na mtu ambaye chumba chake kilikuwa tayari na joto.

Nimewaeleza jinsi ya kufanya, sasa niseme ninachofikiri: usifanye. Boa wa porini abaki porini.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu lilikuja kwenye simu za kipindi chetu. Msikilizaji mmoja aliniuliza kama nimekosa habari, watu hawana maji safi, barabara imekatika, nami nasikitikia nyoka. Mwingine, mtu wa kanisa, akasema nyoka ni adui tangu Edeni na akifa ni faida. Mzee huyo namheshimu. Lakini bonde letu ni la mpunga na mahindi, na anayelima anajua panya na simbiliki wanavyomla kabla hajavuna. Boa anakula panya, anakula simbiliki, wala haombi malipo.

Tena kuna watoto. Watoto wanaolipishwa 1,000 kumshika boa "mpole" wanafundishwa kwamba boa ni mwanasesere. Mwaka 2013, huko Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika, jamaa ya hawa wetu, alitoroka kutoka sanduku lake usiku ndani ya nyumba ya mfugaji, akapita kwenye njia ya hewa, akawaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Mmoja alikuwa na miaka 4, mwingine 6. Nchi tajiri, nyumba ya mtu aliyezoea nyoka. Boa wetu anaweza kupita urefu wa mita tano akikua. Yule wa mita mbili ni mtoto.

Kuna sheria pia. Kongo ina sheria ya uhifadhi wa mazingira ya asili, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, na chatu wa Afrika wamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama wa porini kati ya nchi na nchi. Sisi watu wa mpakani hili linatuhusu kuliko watu wa Kinshasa. Wengi wetu tunaokwepa Ngomo tunapitia Bugarama, tunakatiza Rwanda na kuingia Bukavu kwa Rusizi. Kwetu ni njia ya mkato. Ukiwa na boa ndani ya begi bila karatasi, umevuka mipaka miwili ya kimataifa na mnyama huyo, na hakuna afisa atakayekuuliza kama ulikuwa unakwepa tu mashimo ya barabara.

Anayependa nyoka kweli ana pa kwenda. Ukishuka bonde hili hili hadi Bujumbura kuna Musée Vivant, wanyama wake wakiwa pamoja na nyoka na mamba, na mji wenyewe, kando ya Tanganyika, una joto wanalolihitaji. Kenya, huko Watamu, James Ashe alianzisha mwaka 1980 shamba la nyoka la Bio-Ken, na mwaka 2007 wataalamu walimpa swila mmoja mkubwa wa kutema sumu jina la Ashe. Hata hapa kwetu, Lwiro, upande wa Kabare, kituo cha utafiti kilichoachwa na Wabelgiji kina maabara ya viumbe watambaao, na Profesa Chifundera Kusamba amewatafuta nyoka na vyura wa milima hii kwa miaka mingi. Tuna wataalamu wa nyoka mkoani kwetu, na kijana wetu aliuliza video. Simlaumu sana. Sisi wa redio hatujawahi kumwambia kwamba Lwiro ina watu kama hao.

Boa wake alikufa Ijumaa, kabla ya mapambazuko. Daktari alikuwa ameagiza joto lipandishwe kabla ya dawa yoyote, na ampuli ilikuwa imewaka siku mbili tu. Kijana alirudi Kamanyola na sanduku tupu, akaning'inizia ampuli ile ile ndani yake na sasa analea vifaranga, ambao wiki yao ya kwanza wanataka nyuzi 32 na zaidi. Safari hii amenunua kipimajoto. Kabla hajaniuzia yai anataka nikisome kwanza.

Juma lililopita nimeona boa mwingine sokoni, na kijana mwingine. Mdogo zaidi, wote wawili. Sikutoa kinasa sauti. Nilimuuliza anampeleka wapi, akasema Bukavu, kuna mtu anamngoja. Nikamuuliza usiku atamlaza wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Chini ya kitanda, mukubwa. Ni mupole."